Kolaji ya vitu vya pwani inabanduka, inatoa jasho, inanuka: tutafute chanzo kabla ya kununua gundi nyingine

Kama kolaji yako, ile picha ya vitu vilivyobandikwa kwenye ubao, inakusumbua, yaani vitu vinadondoka au imeanza kulowana au ina harufu huielewi inatoka wapi, usikimbilie dukani kwanza. Rudi kwenye kile kikapu ulichowekea makombe yako ya baharini, toa moja ambalo hujalibandika bado, lifute vumbi, liguse kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi basi sehemu kubwa ya matatizo yako umeshaipata, na hakuna gundi Kariakoo nzima itakayokusaidia mpaka chumvi ile itoke.

Mi nakaa Kigamboni, kazi hizi nimezifanya miaka mingi, vipande vya mbao za ngalawa, makombe, vioo vilivyolainishwa na bahari, ndala, kamba za nyavu, vitambaa vya kanga, karatasi, rangi, vyote kwenye ubao mmoja. Watu wanaokuja kuniuliza karibu wote wanaanza na "dada unatumia gundi gani", na mi naanza kuwauliza waliosha mara ngapi na waliosha na maji gani. Ntapitia dalili moja moja kama ninavyozipitia mtu akiniletea ubao wake nyumbani.

Ubao unatoa jasho

Hii inakuja sana mwezi wa nne na wa tano masika yakishika. Unaamka asubuhi unakuta picha ina unyevu kama mtu kaipulizia maji, sehemu zenye mchanga zimekuwa za rangi ya kuiva, matone madogo yanashuka mpaka kwenye fremu, alafu siku jua likiwaka vizuri inakauka na kuacha unga mweupe. Mtu anadhani paa linavuja. Sio paa.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na kombe au kigogo kikikauka yanayoondoka ni maji tu, chumvi inabaki palepale ndani ya vitundu. Sasa chumvi ya kawaida hewa ikiwa na unyevu unaozidi kama asilimia 75 inaanza kunywa maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe, ndo maana chumvi ya jikoni huku kwetu inaloana na watu wanatia punje za mchele kwenye kikopo. Kitu hichohicho kinatokea ukutani kwako. Kiangazi picha imetulia, masika inalia.

Kazi iliyonifundisha hili ilikuwa ubao wa sentimita 120 kwa 80 wa mapokezi ya hoteli moja, sehemu yote ya chini niliijaza mchanga halisi niliouchota palepale mbele ya hoteli, nikauchekecha, nikauanika juani siku mbili, sikuuosha. Miezi ya mwanzo ulikuwa mzuri kabisa watu wanapiga nao picha. Masika yalipoingia nikapigiwa simu kwamba ukuta unalowa. Nilikwangua mchanga wote siku mbili nzima nimepiga magoti, na fundi aliyekuwa anapiga plasta nje akaniambia wao mchanga wa bahari hawautii kwenye zege la nondo kwa sababu hiyohiyo, chumvi inazilisha nondo kutu. Kila fundi ujenzi analijua hilo, mi nilikuwa sijaliunganisha na kazi yangu.

Sa dawa yake. Kama hujabandika, loweka. Makombe na vioo siku tatu kwenye maji baridi unabadilisha asubuhi na jioni, mchanga unausuuza ndoo baada ya ndoo kama unavyosuuza mchele mpaka maji yawe safi na ukiyaonja hayana kitu, mbao ndo zinachukua muda, kigogo kinene kama mkono mi nakipa wiki mbili na nakigandamiza na jiwe kisielee. Na angalia maji unayotumia. Visima vingi huku kwetu vina maji ya chumvichumvi, ukisuuzia hayo umerudi palepale, kwa hiyo suuzo la mwisho fanya na maji ya mvua au ya bomba. Kama umeshabandika, siwezi kukudanganya, kombe moja moja unaweza kulifuta na kitambaa chenye unyevu mdogo ukarudia siku kadhaa likapungua, lakini mchanga usiooshwa hauponi, unakwanguliwa. Na usipige vanishi juu ukidhani umeifungia chumvi ndani, maana itavuta unyevu kupitia mgongo wa ubao na vanishi itainuka mapovu.

Weupe umetokea, lakini weupe gani?

Hapa ndo watu wengi wanapotibu ugonjwa sio. Kuna weupe wa aina tano ninaoujua na kila mmoja una chanzo chake, usianze kusugua kabla hujajua ni upi.

Weupe unaoyeyuka ukiugusa na pamba yenye maji na una ladha ya chumvi, huo tumeshaumaliza.

Weupe wenye vinyweleo, unapenda kukaa kwenye karatasi, kitambaa na upande wa nyuma wa ubao, una harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, huo ni ukungu. Toa picha nje kivulini sehemu yenye upepo, acha ikauke kabisa, alafu futa kwa brashi laini ukiwa umefunika pua, malizia na pamba yenye spiriti kidogo. Ukungu ukirudi tatizo ni ukuta, hasa ukuta wa bafuni kwa upande wa pili. Bandika vipande vidogo vya kizibo au ndala kwenye kona nne za nyuma ili hewa ipite kati ya ubao na ukuta.

Weupe kama ukungu wa asubuhi unaozunguka kipande kimoja mfano wa alama ya kidole, hasa kwenye kioo na makombe yanayong'aa, huo ni wa supa glu. Mvuke wake unatua pembeni na kuganda, na unyevu wetu unazidisha. Unafutika na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ila ijaribu pembeni kwanza maana inakula rangi na plastiki. Na hapa naomba unisikilize, supa glu usiimwage kwenye pamba wala kanga ya pamba, inapata moto ghafla, inaweza kukuunguza na hata kutoa moshi. Mi kwenye kolaji naitumia kushikilia kitu kwa muda tu wakati epoksi, ile gundi ya tyubu mbili za kuchanganya, inakauka.

Weupe wa maziwa uliotanda juu ya vanishi ni unyevu ulionaswa. Umepiga vanishi asubuhi na umande au jioni upepo wa bahari umeingia. Piga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, siku kavu, mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili za vanishi, na sio mmoja mzito. Ukishatokea, wakati mwingine kuiacha picha sehemu kavu yenye joto siku mbili tatu inatosha ukaondoka wenyewe.

Wa tano ndo unaonisikitisha zaidi kwa sababu unawapata watu waangalifu, wale waliotengeneza boksi zuri la mbao na kioo mbele wakafunga vizuri vumbi lisiingie. Baada ya mwaka au miwili makombe yao ya kauri yaliyokuwa yanang'aa yanaanza kufifia, kunatokea chembe nyeupe kama sukari, ukisogeza pua kuna uchachu wa siki, na ukifuta chini yake uso wa kauri umeshalika, mng'ao haurudi tena. Muingereza mmoja mkusanya makombe, Loftus St. George Byne, aliuelezea mwaka 1899 na mpaka leo unaitwa ugonjwa wa Byne, yeye alidhani ni bakteria lakini sio bakteria wala hauambukizi. Kombe ni chokaa. Plaiwudi, emdiefu (ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), maboksi ya karatasi na mbao nyingine zinatoa mvuke wa asidi kidogokidogo, ndani ya boksi lililofungwa mvuke unakusanyika, na asidi na chokaa unajua zinavyofanyana. Na kuna kingine watu hawakifikirii, silikoni ya vioo inayonuka siki wakati inakauka, inanuka siki kwa sababu inatoa asidi ya siki kweli, kwa hiyo kubandikia kauri ndani ya boksi kwa silikoni ile ni kujitafutia. Zipo silikoni zisizo na harufu hiyo, uliza dukani au nusa.

Ukiuona ugonjwa huu toa makombe, yasuuze kwa maji safi, yakaushe kabisa, kuta za ndani za boksi zifunike kwa foili ya jikoni kabla ya kuweka karatasi au kitambaa chako cha mapambo, toboa vitundu vidogo chini na juu hewa ipite na uvizibe na kipande cha chandarua wadudu wasiingie. Kilichokwisha kulika kimelika.

Kwa sababu hiyohiyo ya chokaa, acha kusafisha makombe kwa siki au ndimu. Yanang'aa siku ya kwanza maana umeyamenya ngozi. Jiki ya kuondoa majani ya kijani inafaa ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, ukaangalia kila baada ya muda mfupi, ukasuuza sana, lakini ukiyasahau usiku kucha yanatoka yamepauka na yanatoa unga ambao gundi haiushiki. Na jiki na siki kwenye beseni moja kamwe, zinatoa gesi ya klorini inayoua.

Vitu vinabanduka

Okota kilichodondoka ukiangalie mgongo. Usikibandike tena kabla hujakiangalia, maana mgongo ndo unaosema.

Kombe likiwa safi kabisa na gundi yote imebaki ubaoni, tatizo liko kwa kombe, ama lina chumvi, ama unga, ama linateleza mno. Likwangue mgongo kwa msasa, lifute kwa spiriti, bandika kwa epoksi. Vioo vya bahari ni hivyohivyo, gundi nyeupe ya mbao haina pa kuingia kwenye kioo, itakushikia wiki mbili alafu usiku mmoja unasikia kitu kimeanguka.

Kombe likidondoka na gundi yake pamoja na ngozi ya rangi au karatasi, basi gundi yako ilikuwa nzuri, kilichoachia ni ubao. Mara nyingi mtu alipaka rangi ya mafuta kwanza akaiacha inang'aa alafu akabandika juu yake, au alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta ikabanduka kama ganda la kitunguu. Rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye hadibodi ndo asili ya michoro ya Tingatinga, Edward Saidi Tingatinga alianza hivyo hapa Dar mwaka 1968, na kwa mchoro ni uso mzuri sana, lakini kwa kubeba kombe la robo kilo haufai mpaka upige msasa pale kombe linapokaa ukafika kwenye ubao wenyewe.

Gundi ikiwa imepasuka katikati, nusu huku nusu kule, angalia rangi yake. Kama bado ni nyeupe na laini ndani baada ya wiki nzima, ni gundi ya mbao iliyofungiwa chini ya kombe kubwa na hewa haifiki, maji yake hayana pa kutokea. Gundi ile inataka angalau upande mmoja unaonyonya, kama mbao, karatasi, kitambaa. Kama ni epoksi na inabonyea kama jojo, vipimo vya tyubu mbili havikulingana au hukukoroga vya kutosha, hiyo haitakauka hata ukingoja mwezi, kwangua urudie na uiache saa 24 bila kuisogeza hata kama imeandikwa dakika tano. Na kama ni gundi ya moto, ile ya fimbo, imelegea ikawa kama bazoka, uliza picha ilikuwa wapi. Mteja akiiacha kwenye gari lililofungwa mchana wa Dar vyote vitamteremkia. Mi gundi ya moto nilishaiacha kwa kitu chochote kinachotoka nje ya nyumba yangu.

Kuna tatizo lingine la umbo. Kombe lililoinama kama bakuli linagusa ubao kwenye ukingo wake tu, mstari mwembamba kama uzi, na watu wanajaza gundi kwenye huo mstari wanashangaa haishiki. Jaza tumbo lote la kombe. Changanya epoksi na unga wa mbao mpaka iwe kama ugali laini, jaza mpaka usawa wa ukingo, ikishikana kidogo ndo unageuza unabandika, sasa una uso mzima unaogusana na ubao.

Ndala zina mambo yake. Ile sponji haikubali gundi nyeupe kabisa na epoksi inapasuka kwa sababu ndala inapinda yenyewe haipindi. Nenda kwa fundi viatu. Gundi yake unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndo unakutanisha na unagonga, ukikosea hakuna kurekebisha kwa hiyo chora alama kwanza. Ikibanduka, tisa kwa kumi hukusubiri, uliibandika mbichi. Na kama kuna mtu amekwambia ndala za kuokota ni takataka tu mwonyeshe jahazi la Flipflopi, limeundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa likashushwa majini 2018, ubavu wake umevishwa ndala kama 30,000, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar.

Harufu

Shombo ikija siku chache baada ya kumaliza, kuna nyama ndani ya kombe la mzunguko, kule mwisho ambako huoni. Likitikiswa halisemi kitu, lakini ukiliweka kwenye mfuko wa plastiki juani saa moja alafu ukafungua utalijua. Litoe, lizike kwenye mchanga mkavu au liweke karibu na sisimizi wiki mbili tatu, loweka, suuza. Kuchemsha kunasaidia kwa makombe magumu ya kawaida ila kauri usichemshe, ule mng'ao unapata nyufa.

Na hapo pana jambo kubwa kuliko harufu, kwa sababu kombe lenye nyama maana yake kuna kiumbe umemuua kwa kutokuangalia. Kaa wale wadogo wanaohamia kwenye makombe matupu wanajificha ndani kabisa ukiwashika. Kabla ya kuondoka ufukweni weka ulivyookota kwenye beseni kivulini na mchanga kidogo ukae kimya robo saa, mwenye nyumba atatoka, mrudishe. Kauri yenye mng'ao kama imepakwa mafuta mara nyingi iko hai au imekufa karibuni. Kombe la umbo la koni usilishike kabisa kama hujui ni tupu, konokono wake ana mwiba wenye sumu na umeshaua watu. Kiti cha pweza, kama kinasogeza hata kamguu kamoja, kirudi majini. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, huko tunaenda kuogelea tunarudi mikono mitupu. Gamba la kasa, ng'amba au mwingine yeyote, liache hata kama umelikuta limetupwa, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na matumbawe, farasi wa baharini na yale makombe makubwa mno yanataka vibali, kwa hiyo ukimuuzia mgeni picha yenye vitu hivyo umempa shida ya uwanja wa ndege. Mi naokota baada ya bamvua, yale maji makubwa, maji yakishapwa, kwenye ule mstari wa uchafu uliobaki juu, na vitu vizuri zaidi nimevipata siku za kusi bahari ikichafuka.

Harufu ya uvundo sio shombo, hiyo rudi kwenye ukungu.

Ubao umepinda

Umepaka gundi na rangi upande mmoja tu, ule upande ukanywa maji ukavimba alafu ukakauka ukajivuta. Hadibodi ndo inaongoza. Paka mgongoni nayo, rangi ileile idadi ileile ya mikono, kabla hujaanza kubandika, na ubao wowote unaozidi sentimita 40 ufunge fremu ya mbao kwa nyuma. Ulioshapinda ulowanishe kidogo upande uliobonyea ndani, ulaze, uweke uzito siku tatu. Unaporudi unarudi, usipokubali mara ya pili usiulazimishe, makombe yataruka.

Mbao za kuokota zinatoa unga

Vumbi la mbao linalorundikana chini ya picha kila asubuhi, na vitundu vidogo vya duara, ni bungua yuko ndani anakula. Vile vitundu vikubwa vya wadudu wa baharini vyenye chokaa ndani havina shida, mdudu wake alikufa alipotoka majini, na vinapendeza sana. Kwa bungua funga kigogo kwenye mfuko mweusi wa plastiki ukianike juu ya bati jua kali siku kadhaa unakigeuza, au kitie kwenye friza wiki mbili kama kinaenea. Dawa ya mbao ya dukani ipo lakini inaacha mafuta, gundi inagoma. Vilevile mbao za jahazi la zamani zinaweza kuwa na deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wanaopaka mafundi chini ya chombo, juu ya deheni hakuna kinachoshika, kwangua mpaka mbao ionekane au iache hiyo sehemu wazi kama ilivyo, mi naiacha.

Na usizibandike mbichi. Mbao ikiendelea kukauka ikiwa imeshafungwa inapasuka na inavunja chochote ulichokibandika juu ya mpasuko. Kivulini, mwezi mzima, sio juani.

Mwani umepoteza rangi na unanata

Ule mwani mwekundu ni mzuri mno kwenye kolaji, wakinamama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaolima wakikupa vipande vilivyokatika unapata maumbo ambayo brashi haiwezi. Lakini wekundu wake unakufa kwa mwanga, hakuna vanishi itakayouzuia moja kwa moja, kwa hiyo picha yenye mwani ikae ukuta usiopigwa na jua, au ukubali kwamba itageuka rangi ya majani ya chai na uipange ukijua hivyo. Kunata ni chumvi tena, pamoja na ule ute wake. Chovya kwenye maji ya kawaida haraka haraka mara mbili tatu, usiloweke maana unalainika unaharibika, uubane kati ya karatasi na vitabu vizito, badilisha karatasi kila siku mpaka siku unayokuta karatasi haijalowa. Ndo ubandike.

Kanga na magazeti yanapauka vilevile ila polepole. Ukibandika karatasi ikajikunja mawimbi, uliilowanisha upande mmoja ukaiwahi, paka gundi karatasi na ubao, subiri dakika moja karatasi itanuke, laza kuanzia katikati ukisukuma hewa nje kwa kadi ya simu ya zamani.

Kutu

Misumari, waya na skrubu za kawaida kando ya bahari zinakwisha, na mstari wa kahawia unashuka kwenye picha. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu, na kufungia vitu vizito tumia mshipi wa kuvulia wa nailoni uliopitishwa nyuma ya ubao kwenye vitundu viwili, hauonekani na hauozi. Kama unautaka ule msumari wenye kutu kwa sababu ni mzuri, nakuelewa kabisa, usugue vumbi lake, ukaushe, upake vanishi pande zote kabla hujaubandika.

Kila kitu kimeshika, lakini picha haipendezi

Hili wanalisema kwa sauti ya chini mwishoni, na kwangu ni tatizo halali kama gundi. Mara nyingi chanzo ni kwamba umependa kila ulichookota na umeweka vyote, kauri kumi na mbili za ukubwa mmoja zimepangwa kwa nafasi sawa kama vifungo vya shati, na jicho halina pa kutua. Toa nusu. Kweli, toa nusu, weka kwenye sinia, angalia tena kesho yake. Bakiza kitu kimoja kikubwa kinachobeba picha, mfano kipande cha ubavu wa ngalawa chenye rangi ya bluu iliyobanduka, na vingine vyote vimfuate huyo, vikubwa karibu naye, vidogo vikitawanyika kama vinavyotawanywa na maji yenyewe. Siku ukienda ufukweni maji yamepwa simama uangalie ule mstari wa juu, bahari haipangi kwa safu, inarundika hapa, inaacha hatua tatu tupu, inatupa kitu kimoja peke yake.

Chanzo kingine ni kupaka vanishi ya kung'aa juu ya kila kitu. Mbao iliyopigwa na jua miaka mingi ina kijivu chake, ukiipaka vanishi inageuka kahawia kama meza ya dukani na haurudi tena ule ukijivu. Jaribu nyuma kwanza. Mi siku hizi napaka vanishi karatasi, kitambaa na mchanga tu, mbao naziacha zipumue, makombe nayapaka mafuta mepesi ya maji yasiyo na rangi, yale ya watoto, tone moja kwenye kitambaa, na hiyo nafanya baada ya gundi kukauka kabisa, maana mafuta yakitangulia hakuna kitakachoshika.